Baada ya wa Tatu, Meza Mate

Kila mzee aliyehesabu watoto wa Babu alimeza mate mahali pale pale.

Bi Karani hakuligundua jambo hilo mwanzoni. Alikuwa na shughuli ya kutosha kuishika simu isianguke, kuhakikisha inarekodi, na huku akiitikia "ehee" kila baada ya maneno mawili matatu ili mzee asidhani anaongea na ukuta. Alikuwa amestaafu miezi minne tu, baada ya miaka thelathini na moja katika masjala ya hospitali, na jina la kazi lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata binti yake akimkasirikia alimwita hivyo. Kukaa bure kulimwasha kama upupu. Basi alipoona tangazo la maktaba kwamba kila Jumamosi asubuhi kutakuwa na darasa la kutafiti na kuandika historia ya ukoo, alikuwa wa kwanza kuandikisha jina, na wa kwanza kumsahihisha mkutubi kwa kulikosea.

Darasani alijiona amerudi nyumbani. Anza na wewe mwenyewe, kisha panda juu. Usimkatize anayesimulia. Andika nani kasema, siku gani, na yeye kayajuaje. Ya kusikia tu yaandikwe kwa penseli. Yenye mashahidi wawili ndiyo ya wino.

Kitinda, binti yake wa mwisho, alikuwa na mimba ya miezi minane na amekuja kwa mama yake kujifungulia. Mume wake alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na dereva, kama Kitinda mwenyewe alivyosema, huijua njia ya kila mji isipokuwa ya hospitali. Kwa pamoja walibandika karatasi kubwa za kaki kwenye ukuta wa sebule. Juu kabisa Babu na Bibi, chini yao watoto wao, chini yao wajukuu, Bi Karani akiwemo, chini yao vitukuu, Kitinda akiwemo, na chini kabisa, kwa penseli nyepesi: Mtoto wa Kitinda.

"Mjukuu wako atazaliwa akute ukuta mzima unamngoja," Kitinda alisema, ameshika kiuno.

"Kuliko kukuta watu wasiojua hata baba wa baba yao anaitwa nani," Bi Karani akajibu.

Wazee waliobaki walikuwa wawili tu. Shangazi, mzaliwa wa kwanza wa Babu, alikuwa amevuka themanini na bado anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Baba Mdogo, wa mwisho kuzaliwa, alikuwa mcheshi asiyependa kukaa kimya. Bi Karani aliwarekodi kila mmoja kwake, siku tofauti, kama alivyofundishwa, wasije wakaambukizana maneno. Wote walitaja watoto saba. Na wote walitaja wa kwanza, wa pili, wa tatu, wakanyamaza kidogo, koo likapanda na kushuka, kisha wakaendelea na wa nne.

Aliligundua akinakili. Akampigia Baba Mdogo.

"Baba Mdogo, mbona ukihesabu unameza mate baada ya wa tatu?"

Alimsikia akicheka, kisha akamsikia akiacha kucheka. "Ndivyo tulivyofundishwa. Mama alituhesabisha kama wimbo. Baada ya wa tatu, meza mate. Usipomeza unarudia toka mwanzo."

"Kwa nini?"

"We mtoto, unaifahamu sababu ya kila kitu ulichofundishwa? Mimi nilizaliwa nikakuta watu wanameza."

Alasiri hiyo, Kitinda akiwa amelala chumbani na jua likichoma mapazia, Bi Karani alivaa visikilizi, akaongeza sauti mpaka mwisho, na kusikiliza sauti ya Shangazi. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Kisha ule ukimya. Na ndani ya ukimya, karibu mno na kinasa sauti, kama mtu aliyesimama kati ya simu na mdomo wa Shangazi, sauti ya mtoto ikataja jina.

Ilitaja polepole, kama mtoto anavyomtajia mwalimu jina lake siku ya kwanza shuleni.

Akafungua rekodi ya Baba Mdogo. Nyumba nyingine, siku nyingine. Wa tatu, ukimya, jina lile lile.

Jina lenyewe tuliache. Lina wenyewe.

Mtu mwingine angeirusha simu. Bi Karani hakuwa mtu mwingine. Hofu ilimshika, naam, nywele za shingoni zilimsimama. Lakini ndani yake karani wa miaka thelathini na moja alinyanyuka akiwa amekasirika. Kumbe kulikuwa na mtoto! Kumbe watoto walikuwa wanane, na mmoja akafutwa, akamezwa kama dawa chungu, kwa aibu gani asiyoijua yeye! Maishani mwake hakuwahi kukubali jina la mtu lifutwe kwenye daftari. Na mashahidi si wawili? Alichukua kalamu ya wino, akaenda ukutani, akapata upenyo kati ya jina la tatu na la nne, na hapo akaliandika jina lile, kwa mwandiko wake mzuri wa masjala. Tarehe ya kuzaliwa hakuwa nayo, akaacha wazi. Tarehe ya kufa hakuwa nayo, akaacha wazi.

Chumbani Kitinda akaitika, "Abee!"

"Sijakuita," Bi Karani alisema.

"Umeniita, Mama. Umeniita mara mbili."

Kuanzia siku ile nyumba ikawa na harufu. Haikuwa kali. Ilikuwa harufu ya nguo zilizofuliwa zikasahauliwa kwenye beseni siku tatu, harufu ya vundo, na ilikuwa ikihama: asubuhi iko ukumbini, mchana iko jikoni, jioni iko mlangoni kwa Kitinda. Walifua mapazia, wakaanika magodoro, wakamwaga dawa kwenye mifereji. Mchana wa siku ya pili Kitinda alipakua chakula cha watu watatu, akakaa, akala, na mama yake alipomuuliza sahani ya tatu ni ya nani, aliitazama kwa mshangao wa mtu aliyeamshwa.

Siku ya tatu jirani yao mshonaji, mwanamke mpole aliyeishi peke yake na cherehani lake upande wa pili wa ua, alipita na nguo ya mtoto aliyoagizwa.

"Mna wageni?" aliuliza.

"Wageni wa wapi?"

"Nasikia mtoto anacheka humu mchana kutwa." Akatabasamu. "Kicheko kizuri. Nimezima cherehani nikae nisikilize."

Jirani alipoondoka Bi Karani alikwenda kuitazama karatasi, bila kujua kwa nini. Chini ya jina alilolitia yeye, mahali ambapo hakuchora kitu, kulikuwa na mstari. Mwembamba, wa wino mbichi unaong'aa, urefu wa kidole, ukishuka. Akaugusa, ukaacha maji kwenye ncha ya kidole chake, na maji yalinuka vundo. Kesho yake ulikuwa umepita kizazi cha baba yake. Keshokutwa ulikuwa umepita pembeni ya jina lake mwenyewe, ukipinda taratibu kama mtu anayenyata nyuma ya kiti ulichokalia, na hakuhitaji kuambiwa unakokwenda, kwa sababu chini ya hapo palibaki nafasi moja tu ya wazi, ile ya penseli, ya mtoto ambaye alikuwa bado hajapewa jina, na jioni ile Kitinda alitoka chumbani ameshika tumbo kwa mikono miwili, uso umempauka, akasema kwa sauti ndogo kama anayeogopa kusikiwa:

"Mama, mtoto hachezi. Akiniita yule, wangu ananyamaza. Kama anajificha."

"Nani anakuita?"

"Si ni yule mtoto," Kitinda alisema, akalia.

Kesho yake asubuhi kliniki walimpima, wakasikia mapigo ya moyo, wakawaambia kila kitu kiko sawa. Bi Karani hakubisha. Alimrudisha Kitinda nyumbani, akaenda moja kwa moja kwa Shangazi, na hata shikamoo ilimtoka nusu.

"Shangazi, wa nne ni nani?"

Bibi kizee aliweka sindano chini. "Umeliandika?"

Jibu lilikuwa usoni mwa Bi Karani.

"Kwa wino?"

"Kwa wino, Shangazi."

"Ewe mtoto wa ndugu yangu," Shangazi alisema, kwa sauti iliyochoka miaka yote kwa mara moja. "Nipe kanga yangu. Twende."

Njiani walimpitia Fundi Saa. Alikuwa na kibanda chake cha kutengeneza saa kando ya posta, na lenzi jichoni, na watu waliokwenda kwake na saa walikuwa wachache kuliko waliokwenda na mengine. Hakupiga ngoma wala hakuchinja. Aliwasikiliza, akafunga kibanda, akawafuata.

Waliingia sebuleni saa sita kasoro mchana. Fundi Saa alisimama mbele ya karatasi muda mrefu. Mstari ulikuwa umebakiza upana wa vidole vinne. Kitinda alikaa kwenye kochi, anatokwa jasho.

"Simulia, mama," Fundi Saa alimwambia Shangazi. "Toka mwanzo. Na usimeze."

Shangazi alisimulia akiitazama sakafu. Mama yao alizaa mtoto wa nne, wa kike, akampa jina. Siku ya tatu mtoto akalala asiamke, akazikwa alasiri ile ile. Mama hakulia. Alikaa mlangoni siku arobaini na jina likiwa mdomoni, analiita na kuliita, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkataza. Siku moja, saa sita mchana, mvua ikinyesha huku jua linawaka, mtoto wa miaka kama minne akaja njiani peke yake, amelowa, akasimama kizingitini, akasema, "Mama."

"Na mama akamwitikia," Shangazi alisema. "Akamwambia, naam, mwanangu. Akampa lile jina."

"Mlimkubali?" Kitinda aliuliza.

"Mama alikuwa anacheka tena, mwanangu. Wewe ungemkatalia nini?" Alijipangusa mdomo. "Alikaa nasi miaka miwili. Hakukua hata ukucha. Alikuwa amelowa siku zote, umpanguse usimpanguse. Nilimbeba mgongoni. Kisha mama akabeba mimba, ikatoka. Akabeba nyingine, ikatoka. Yule mtoto alikuwa analilaza sikio lake tumboni kwa mama na kusema, nipishe. Nipishe. Baba akaleta mganga. Mganga akasema jina lisitajwe tena, lisiandikwe, asipewe mtu. Mkifika hapo mmeze. Yule mtoto akaondoka. Lakini nilimsikia miaka yote, akikaa hapo kwenye kumeza, akingoja."

Fundi Saa alivua lenzi. "Yule mwenzangu alimfungia mlango tu, hakumtoa. Mimi natoa majini walioingia. Huyu hakuingia, alipokelewa. Aliyemwandika ndiye atamtoa."

"Nilikate?" Bi Karani alishika mkasi. Alipougusisha kwenye karatasi, Kitinda alipiga ukelele akajikunja, na mstari ukaruka mbele upana wa kidole kizima.

"Weka chini!" Fundi Saa alisema. "Kulikata ndiko kulikomtia njaa."

Hapo ndipo mlango wa ukumbini ulipofunguka wenyewe kidogo, si kwa kishindo bali kwa adabu, kama unavyofunguliwa na mtoto aliyekatazwa kuingia wakubwa wakiongea, na harufu ya vundo ikajaa sebule mpaka wakaionja ulimini, na sauti ile Bi Karani aliyoisikia ndani ya visikilizi ikasema, sasa bila kifaa chochote, kutoka kwenye kile kiza chembamba cha nyuma ya mlango:

"Dada. Si ulinibeba mgongoni?"

Shangazi alijifunika kanga yake. Koo lake lilipanda, likashuka.

"Usimeze," Fundi Saa alinong'ona.

"Dada, mbona mlinihesabu mkaniacha? Mimi sikukosea. Niliita mama, akaitika."

Bi Karani aliitazama ile karatasi, na katikati ya hofu alikiona kitu ambacho angekiona siku ile ile kama asingeandika kwa hasira. Aliona nafasi mbili tupu. Miaka thelathini na moja alikuwa akiwagombeza vijana wa masjala kwa kosa hilo: faili lisilo na tarehe ya kutoka wala ya kufa halifungwi, na faili lisilofungwa maana yake mgonjwa bado yuko wodini, bado kitanda ni chake, bado chakula kinapikwa kwa hesabu yake. Babu na mganga wake walikuwa wamelificha faili. Yeye alilifungua. Hakuna aliyewahi kulifunga, kwa kuwa katika ukoo mzima hakuna hata mmoja aliyewahi kusema, kwa maneno yake, kwamba mtoto yule alikufa.

Akachukua kalamu.

"Shangazi," alisema, kwa ile sauti ya dirisha la masjala, sauti aliyowatolea wafiwa maelfu, ya upole na isiyo na haraka. "Nataka taarifa za mtoto wa nne. Jina lake?"

"Usimwambie, Dada."

"Jina lake, Shangazi."

Bibi kizee alifumba macho, akalitaja. Miaka sabini na ushee, na likatoka safi kama lilivyokuwa.

"Alizaliwa lini?"

"Mwezi wa mavuno. Alfajiri. Nilikuwa na miaka kumi, nilichemsha maji."

Mlango ulifunguka zaidi. Kitu kilikuwa kinadondoka kwenye sakafu, tone, tone, tone. Kitinda alijiziba masikio. Mstari ulikuwa umeligusa neno Mtoto.

"Aliishi siku ngapi?"

"Dada, nimelowa. Nipanguse, Dada. Mara moja tu, kama zamani, nipanguse, nitalala, sitaomba kitu kingine—"

Shangazi aligeuka, akautazama mlango moja kwa moja, na machozi yakimtiririka alisema kwa sauti kubwa, "Nilikupenda! Mungu anajua nilikupenda. Lakini wewe si yeye. Mdogo wangu hakutembea. Hakusema neno. Hakuwa hata na jino. Aliishi siku tatu, akafa mikononi mwangu mimi, mama akiwa amelala, na nikaogopa kumwamsha. Nilikaa naye mpaka akawa baridi. Alikufa. Sijamwambia mtu. Alikufa!"

Bi Karani aliandika, herufi kwa herufi, huku wino ukimwagika maji kila alipoinua kalamu. Amezaliwa mwezi wa mavuno, alfajiri. Amefariki akiwa na siku tatu. Amezikwa. Shahidi: dada yake. Akapiga mstari mmoja chini yake, ule wa kufunga faili, na kuweka sahihi.

Hakukuwa na kishindo. Sauti ya nyuma ya mlango ilivuta pumzi kama mtoto anayejiandaa kulia, ikaishika pumzi ile, wakaingojea iachiliwe, wakaingoja sana, na haikuachiliwa. Mstari ulikauka kutoka chini kwenda juu, ukabaki alama ya maji, kisha haukuwepo. Kitinda alishtuka, akaweka mkono ubavuni.

"Amenipiga teke," alisema. "Mama, amenipiga teke!"

Fundi Saa alikataa chai. Mlangoni alisema, "Kwenu amekwisha. Lakini hajafa, maana hakuwahi kuzaliwa," akaenda kufungua kibanda chake.

Kitinda alijifungua salama wiki tatu baadaye, mtoto wa kiume mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Baba yake alifika siku ya pili, na lori lake. Shangazi alikaa nao mwezi mzima, akiwahesabu watoto wote wanane wa Babu bila kumeza mate, wakati mwingine bila kuulizwa, na akimfikia wa nne alitulia kidogo, akalia kidogo, akaendelea.

Mchana mmoja wa mvua nyepesi na jua, mtoto akiwa amelala, jirani mshonaji alibisha hodi. Alikuwa amevaa vizuri, na uso wake ulikuwa na mwanga ambao Bi Karani hakuwahi kuuona tangu mwaka uliopita, mwanamke huyu alipompoteza binti yake wa pekee, akarudi kutoka mazikoni, akaketi kwenye cherehani bila kumwambia mtu neno.

"Bi Karani, nina habari, ila utaniona nimechanganyikiwa." Alikuwa anapangusa mikono kwenye gauni, na gauni lilikuwa limelowa. "Kuna mtoto kaja kwangu sasa hivi. Peke yake. Kasimama mlangoni, kaniambia, Mama."

Bi Karani alitazama ng'ambo ya ua. "Ukamwambia nini?"

"Bado. Nimekimbia kwako kwanza, niazime taulo."

Kutoka upande wa pili wa ua, sauti ndogo iliita. Mshonaji akageuka, midomo imeshafunguka kuitika.

Bi Karani alimshika mkono kwa nguvu, akamvuta ndani, akafunga mlango na kuuegemea. Akamkalisha. Akatafuta daftari, akatafuta kalamu, akaketi mbele yake magoti yakigusana.

"Kabla hujaitika, mdogo wangu," alisema polepole, "hebu niambie habari za mwanao. Alifariki siku gani?"